Mawe ya Kisima cha Pili

Nimekabidhi funguo za ofisi, kiti, na nyundo moja yenye namba ya serikali. Vijana wa idara yetu wakaniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi "enzi zenu". Neno hilo lilinichosha kidogo, lakini nimekubali. Sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Vyeo mnavijua, na mishahara hata nikiwaambia hamtaamini. Nitaandika habari za mawe, hasa mawe ya kisima cha pili tulichochoronga karibu na Kasulo, wilaya ya Ngara, katika miaka ya wakimbizi. Aliye na haraka ya kujua kama tulipata mafuta nimwambie mapema: hatukupata. Wala pale hatukuwa tukiyatafuta. Asome taratibu.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Nilikuwa nimetoka chuoni nikiijua miamba kwa majina, na nilidhani ofisi ya mafuta ni mahali pa meza na feni. Kiongozi wa kitengo alikuwa Bwana Semkiwa, mtu mrefu, mwembamba, mwenye kikohozi cha sigara. Alinitazama miguuni, akanipa kipande cha graniti na ndoo ya maji.

"Kiloweshe, kisha ukiangalie kinavyokauka."

Nilikilowesha, nikakaa nacho juani. Kilikauka chote isipokuwa mstari mmoja mwembamba kama unywele, uliobaki mweusi.

"Huo ni ufa," akasema. "Graniti yenyewe haibebi kitu. Ni ngumu, imeshiba, haina nafasi hata ya tone moja. Kama ina mafuta au gesi, imo ndani ya nyufa. Kwa hiyo hapa hutasoma jiwe, Verdiana. Utasoma ufa."

Kesho yake nilikuja na raba.

Miaka iliyofuata alinifundisha kazi hiyo, naye alikuwa ameisomea katika nchi za mbali ambako mafuta hutoka kweli ndani ya graniti, chini ya bahari. Vifaa vyetu vilikuwa nyundo, dira, kioo cha kukuzia na ndoo. Ndoo siku hizi mnaidharau. Alinifundisha kwamba swali gumu kuliko yote si kuuona ufa, bali kujua nani aliufanya. Mtambo wa kuchoronga nao hupasua mwamba. Ufa wa ardhi ni wa zamani: kuta zake zina kutu, au utando wa kijani, au chokaa nyeupe iliyoganda. Ufa wa mtambo ni msafi na unang'aa kama sukari iliyovunjwa sasa hivi. Ukiuhesabu ufa wa mtambo kama ufa wa ardhi, utamwambia mwenye fedha kwamba mwamba una nafasi ya mafuta kumbe hauna, naye atakwenda kutoboa baharini au ziwani kwa mali isiyosemeka. Na ukikosea upande wa pili, utamfukuza palipo na kitu. Bwana Semkiwa alikuwa akisema kazi yetu ni kuogopa pande zote mbili kwa usawa.

Mradi wa Ngara na Biharamulo ulikuja hivi. Kampuni moja ya nje ilitaka kujua kama mwamba ulio chini ya matope ya maziwa makuu, huko kwenye bonde la ufa, unaweza kuhifadhi mafuta. Mwamba ule umefunikwa na maji na matope ya kina kirefu mno, huwezi kuushika. Lakini graniti ya namna hiyo imejitokeza juu ya ardhi upande wa Biharamulo na kuelekea Kasulo, vilima vyenye vipara, mbuzi wamelala juu yake. Basi tukaambiwa: nendeni mkaipime ile inayoonekana, tupate kukisia isiyoonekana. Tulipaswa kupima nyufa juu ya vilima, kuchoronga visima viwili virefu, kusoma mawe yatakayotoka, na kusema.

Kuwaeleza wenyeji jambo hilo ilikuwa kazi peke yake. Mlinzi wetu, Mzee Ntahondi, Mhangaza wa kijiji cha Kirushya aliyekuwa na migomba mizuri kuliko yote niliyoiona wilayani, aliniuliza wiki ya kwanza.

"Shikamoo, mzee," nilikuwa nimemwamkia.

"Marahaba, mama. Hivi mnatafuta mafuta hapa kwetu?"

"Hapana, mzee. Hapa hakuna."

"Mnajua hakuna?"

"Tunajua."

Alitafuna jani. "Basi serikari ina fedha," akasema, akaenda kuwasha moto wake.

Tulipiga kambi yetu ndogo nje kidogo ya Kasulo, tukajenga banda la mawe: nguzo, bati juu, kuta za matete. Kisima cha kwanza kilikwenda vizuri. Mkuu wa mtambo alikuwa Masanja, Msukuma wa Shinyanga, mtu wa maneno machache na mkono mmoja wenye vidole vinne. Kidole cha tano alikiacha kwenye mnyororo wa mtambo kabla sijajuana naye. Alikuwa akiusikiliza mtambo kama mama anavyosikiliza pumzi ya mtoto mwenye homa. Bomba likitolewa, ndani yake hutoka jiwe la mviringo, refu, ambalo wachorongaji waliliita mchi. Michi tuliilaza kwenye masanduku ya mbao, marefu na ya chini, yenye vijia ndani, kwa mpangilio uleule wa ardhini. Mpangilio ndio kila kitu. Jiwe lisilojulikana limetoka kina gani ni kokoto, hata liwe zuri namna gani.

Kisha, mwezi wa nne wa mwaka wa tisini na nne, watu walivuka mto.

Mmesoma habari zake, sitazirudia. Nitasema nilichokiona: asubuhi barabara ilikuwa na watu, jioni ilikuwa bado na watu, na kesho yake vilima tulivyokuwa tumevipima vilikuwa vimefunikwa. Walikuwa na magodoro, sufuria, baiskeli, ng'ombe wachache. Hawakupiga kelele. Baadaye ndipo zikaja turubai za buluu, malori, redio, na watu wa kila taifa wakiwa na fulana zenye maandishi. Kuni zikaisha. Miti ikaisha, kisha visiki vikaisha. Wakulima wa Kasulo walianza kulinda migomba yao kama watu wanavyolinda benki. Nasi tulikuwa palepale na ndoo zetu, tukilowesha mawe.

Tulifikiri tutaondolewa. Hatukuondolewa, nadhani tulisahauliwa. Masanja akaanza kisima cha pili, na siku moja, tukiwa tumeshafika chini sana, aliniita bila kuondoa jicho kwenye mtambo.

"Mama, mwamba unakunywa."

Mtambo hupozwa kwa maji yanayoshuka na kurudi juu. Yakiacha kurudi, yamepata njia ya kwenda kwingine. Maana yake nyufa ziko wazi. Kwa watu wa kazi yetu hiyo ni habari ya kushangilia, na nakumbuka tulishikana mikono, ingawa kwa mbali tulisikia watu wakizika. Kilichotoka kwenye bomba pale hakikuwa michi bali vipande, vingine kama ngumi, vingine kama maharage. Tuliviweka kwenye masanduku jinsi vilivyotoka. Chini yake mwamba ukawa mzima tena.

Sasa mnisikilize vizuri. Siku hizi mchi ukitoka tu mnaupiga mistari miwili ya rangi, nyekundu na nyeusi, na kuandika kina juu ya jiwe lenyewe. Kisima cha kwanza tulifanya hivyo. Kisima cha pili rangi ilikuwa imekwisha, na malori yote yaliyotoka Mwanza yalikuwa yamebeba mahindi na mahema. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya makopo ya rangi. Kina kiliandikwa kwenye masanduku tu. Nilisoma michi ya juu, nikaona ya chini isiguswe zaidi kabla haijatiwa alama, nikapanda lori lililokuwa linarudi tupu kwenda Mwanza kutafuta rangi mwenyewe. Mvua za vuli zikaanguka. Barabara ikakatika. Nilikaa Mwanza kuliko nilivyopanga, na niliporudi na rangi zangu Mzee Ntahondi alikuwa amekaa nje ya banda, kofia mkononi.

"Masanduku yamechukuriwa, mama."

Niliingia. Masanduku ya kisima cha kwanza yalikuwepo, kwa sababu yalikuwa nyuma. Ya kisima cha pili hayakuwepo. Mawe yalikuwa chini, lundo refu kutoka mlangoni hadi ukutani.

"Nani?"

"Wanawake. Wote wanawake, toka kambini. Wengine wana mimba kubwa hivi." Alionyesha kwa mikono. "Niriwaambia ni ya serikari. Wakasema serikari itasamehe. Ningempiga nani, mama?"

Masanja alitaka twende polisi mara moja. Sijamwona na hasira kama ile, kabla wala baadaye. Alikuwa amekitoa kisima kile kwa jasho la miezi, na sasa kilikuwa kifusi. Nilimwambia kwanza tujue yako wapi. Haikuwa vigumu kujua. Kambini kila mtu alijua. Tulielekezwa kwa mkono kama mtu anayeelekeza sokoni, mpaka kwenye hema kubwa lililozibwa kwa turubai, na mlangoni akatoka mwanamke mfupi, mkavu, mikono ya blauzi imekunjwa hadi juu ya viwiko. Jina lake lilikuwa Konsolata. Alikuwa mkunga kwao kabla ya kuvuka mto, na pale alikuwa mkunga tena.

"Mimi ni mwenye masanduku," nikamwambia.

"Najua. Tulikungojea."

"Ni mali ya kazi. Mmeharibu kazi ya mwaka mzima."

"Mawe yako tuliyaweka chini polepole," akasema. "Hakuna lililoumia."

"Hayo mawe yalikuwa yamepangwa!"

Alinitazama, si kwa ubaya, bali kama mtu anayejaribu kuelewa lugha. Kisha akasogea pembeni, akainua turubai. "Ingia wewe. Bwana abaki. Yachukue mwenyewe."

Ndani kulikuwa na giza la buluu na harufu ya dawa na tope. Maji ya mvua yalikuwa yakipita chini, kijito kabisa, yakiingia upande mmoja na kutokea upande mwingine. Masanduku yangu yalikuwa yamegeuzwa kifudifudi na kupangwa ubavu kwa ubavu, yakawa vitanda, na juu yake wanawake walikuwa wamelala, juu ya maji. Wengine walikuwa na watoto wachanga kifuani. Mmoja alikuwa katikati ya uchungu. Alikuwa ameshika pembe ya sanduku, na kando ya vidole vyake nilisoma mwandiko wangu mwenyewe, kisima na kina.

"Kabla ya masanduku walilala wapi?" nikauliza.

"Hapo," Konsolata akasema, akionyesha tope. "Juzi mama mmoja alijifungulia hapo. Mtoto alikuwa mzima. Mama hakuamka."

Yule mwanamke akalia, Konsolata akapiga magoti upande wake, akanisahau. Nilisimama kidogo, nikatoka.

"Yamo?" Masanja aliuliza.

"Yamo."

"Yote?"

"Yote."

"Basi niite vijana tuyabebe."

"Hapana," nikasema. "Twende."

Masanja akatangulia. Tulipofika kwenye banda alisimama mbele ya lundo, akaokota mchi mmoja, akaugeuza, akaurudisha. "Mama, unajua wewe ndiye utakayejibu," akasema. Nilijua.

Nilimpigia redio Bwana Semkiwa Dar es Salaam na kumweleza. Nilimsikia akikohoa. Kisha akasema, "Anza kuunganisha. Nitakuja njia ikifunguka."

Kuunganisha ni hivi. Jiwe likivunjika, uso wa kipande hiki na uso wa kile ni ndugu. Vikikutana, vinakaa kimya, havitikisiki. Unachukua kipande, unatafuta ndugu yake katika mamia. Unasaidiwa na rangi ya mwamba, ukubwa wa chembe, mshipa mweupe unaokatika hapa na kuendelea pale. Unasaidiwa pia na michi ya juu niliyokuwa nimeisoma na kuichora. Halafu unakaa chini na kuumwa mgongo. Mgongo wangu haujapona hadi leo. Daktari anasema ni umri, namwachia aamini hivyo.

Siku ya tatu au ya nne Konsolata alikuja. Alikuwa na wanawake sita, watoto wamebebwa mgongoni, wale walioweza kutembea.

"Nimesikia unapanga mawe upya," akasema. "Hawa tayari wamelala juu ya masanduku yako. Wapangie kazi."

Masanja aliguna, akatoka nje. Mimi sikuwa na nguvu ya kukataa. Niliwaonyesha: uso kwa uso, usilazimishe, likitikisika si lenyewe. Wengine walishika haraka, wengine hawakushika kabisa. Mmoja, Media, alilazimisha kila kitu, vipande visivyojuana akavibana pamoja na kuniita kwa furaha, nami jioni nikavitenganisha bila kumwambia. Walizungumza Kinyarwanda taratibu na Mzee Ntahondi akiwajibu kwa Kihangaza, wakaelewana bila shida, zaidi ya alivyoelewana nami. Baada ya siku chache Masanja naye aliingia na kukaa chini, mbali kidogo, akaanza kutafuta ndugu wa mawe yake. Vijana wa Kasulo walitukatia mbao tukatengeneza vijia vipya ardhini.

Siku moja Konsolata alikuja kuwachukua wanawake wake, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilimpa chai.

"Wanasema mnatafuta mafuta."

"Ndiyo. Lakini siyo hapa. Hapa hamna."

"Mmekuja kutafuta mahali ambapo hamna."

"Tunaangalia nyufa. Ili tujue kwingine."

Alicheka. Ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka, na meno yake yalikuwa mazuri. "Nyufa," akasema. "Dada, si ungesema mapema? Kwetu zimejaa." Kisha uso wake ukafunga tena. Sikumuuliza habari za kwao. Katika kambi ile kulikuwa na watu waliokimbia wauaji, na kulikuwa na watu ambao wengine waliwakimbia, na wote walipanga foleni moja ya maji. Hakunieleza yeye alikuwa nani, nami nilichoka kabla sijapata ujasiri wa kutaka kujua.

Tuliunganisha karibu kisima chote. Juu, katikati, na chini kabisa, mwamba ulikaa upya kama ulivyokuwa, na Masanja alipita na rangi ya Mwanza akipiga mistari, nyekundu na nyeusi. Palibaki sehemu moja. Mmeshaijua: pale mwamba ulipokunywa. Vile vipande kama ngumi na kama maharage havikuwa na nyuso za kutosha kukutana. Tulivilundika kwenye gunia safi, tukavijaribu kwa wiki nzima, na havikukubali. Sehemu tuliyoihitaji kuliko zote, ambayo kwa ajili yake kampuni ilitoa fedha, ndiyo iliyobaki kifusi. Na baya zaidi, kwa kumwagwa na kuburutwa, vipande vingi vilikuwa vimevunjika tena. Kutu ilikuwepo, na mng'aro ulikuwepo, vimechanganyika.

Bwana Semkiwa alifika mvua zikiisha. Alikuwa amekonda, na kikohozi kilikuwa kimeshuka chini zaidi. Alitembea kando ya mawe kuanzia mwanzo hadi mwisho, akafika kwenye gunia.

"Hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo, bwana."

"Masanja alisema maji yote yalipotea?"

"Yote."

"Basi nyufa ziko wazi. Andika hivyo. Ni nyingi, ni wazi, zimeungana. Wanangoja neno hilo tu, Verdiana. Wakilipata watakuja na mitambo ya ziwani, nchi nzima itakuwa na kazi."

"Nitaandika kwamba maji yalipotea. Lakini ni nyufa ngapi, zimeelekea wapi, zipi za ardhi na zipi zetu, siwezi. Huenda ni ufa mmoja tu mpana. Ufa mmoja hauhifadhi kitu."

"Tunaweza kukisia."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa uzoefu."

"Uzoefu wa nani, bwana? Wewe ndiye uliyenikataza kukisia."

Masanja alikuwa amesimama mlangoni, akatazama pembeni. Mzee yule hakukasirika. Alivua koti, akaketi chini kwenye vumbi, akamimina gunia mbele yake, akaanza. Hakula mchana. Alilowesha, akasogeza, akajaribu, akarudisha. Nilimwona akikutanisha vipande viwili na kuvishikilia sikioni, kitu ambacho hakunifundisha kamwe. Jua lilipoanza kushuka alikuwa na vipande vinne vilivyokubaliana. Viwili kati ya hivyo nilikuwa nimevikutanisha mimi kabla yake. Alinyanyuka kwa kushika nguzo, mikono imekuwa ya kijivu hadi viwikoni.

"Andika haijulikani," akasema.

"Watauliza kwa nini."

"Waambie masanduku yalihitajika."

Hivyo ndivyo tulivyoandika. Ripoti ilisema graniti ya juu ina nyufa nyingi lakini zimezibwa na chokaa. Ya chini ni nzima. Na kwamba katikati kuna ukanda mmoja uliomeza maji, ambao sifa zake hazijulikani kwa sababu sampuli zilivurugika. Kampuni ilitushukuru kwa barua nzuri na kuondoka. Nilisikia kwamba mkutanoni Bwana Semkiwa aliulizwa nani alaumiwe, akasema ni yeye, kwa kuweka banda lenye kuta za matete. Hakupewa tena mradi mkubwa. Alimalizia miaka yake akifundisha vijana kulowesha mawe, na wengine wao sasa ni mabosi wenu. Kama ukanda ule ulikuwa na nafasi ya kuhifadhi mafuta, mpaka leo sijui. Nimepima graniti nyingine nyingi tangu hapo na nimetoa majibu mengi, mengine ndiyo, mengi hapana. Lile moja limebaki wazi.

Tuliachwa kuyalinda mawe hadi mwisho wa mwaka wa tisini na sita, nikaletewa lori nipeleke yote kwenye ghala la taifa. Ilikuwa Desemba. Ilikuwa imetangazwa kwamba wakimbizi lazima warudi kwao, na siku tuliyopakia ndiyo siku barabara ilipojaa tena, safari hii watu wakielekea mtoni. Sisi tulikuwa tunakwenda mashariki, kuelekea Biharamulo, wao magharibi. Dereva alizima gari pembeni. Hakukuwa na namna ya kupita, wala hakukuwa na haja ya kupiga honi.

Walipita na mizigo ileile: magodoro, sufuria, baiskeli. Askari walikuwa kandokando wakisema, "Songa, songa, usisimame." Manyunyu yalianza. Nilikuwa nimekaa ndani ya lori, nimechoka, nikifikiria bafu la maji moto huko Mwanza, nilipomwona Konsolata amepiga magoti kwenye ukingo wa barabara, mgongo kwa watu, na mbele yake mwanamke kijana amelala juu ya kanga iliyolowa.

Niliteremka.

"Dada," akasema aliponiona, bila mshangao, kana kwamba tuliagana asubuhi. "Simama hapo. Zuia upepo."

Nikasimama. Nilivua kitenge nikakitandaza kwa mikono miwili. Askari mmoja kijana alikuja na fimbo.

"Hapa hakuna kusimama! Songeni!"

"Mwanangu," nikamwambia, "subiri kidogo."

Alichungulia juu ya kitenge, akageuka haraka, akaanza kuwaambia watu wapite mbali kidogo. Ilichukua muda. Alikuwa mtoto wa kike, mdogo mno, na alilia mara moja tu, kisha akanyamaza na kutazama. Konsolata aliosha mikono kwa maji yangu ya kunywa, akamfunga mtoto, akamfunga mama, akamwinua. Nilifikiri atasema apumzike. Alimpa fimbo ya kutembelea.

"Siwezi kumpakia," nikasema. "Tunakwenda upande mwingine."

"Najua," Konsolata akasema. "Asante kwa kusimama." Akanishika mkono, mkono baridi, akachukua mzigo wake kichwani. Sikumwona tena, wala sikusikia habari zake.

Yule mama kijana alikuwa bado amesimama mbele yangu, akiyumba kidogo, mtoto ndani ya kanga. Alikuwa na Kiswahili kidogo cha kambini. Alitazama barabara, vichwa vya watu vikishuka kilima na kupanda kingine hadi visionekane, akaniuliza:

"Mama, mtoni ni mbali?"

Barabara ile nilikuwa nimeipita mara nyingi, kwa gari na kwa miguu. Nilijua kila kona yake, na zilizobaki kabla ya mto zilikuwa nyingi.

"Si mbali," nikamwambia. "Unakaribia."

Akashukuru, akaanza kutembea.